Jibu: Draiva moja kwa mistari mitatu ya LED, taa ya dagaa

Ndugu wa Ujiji, umeuliza kama draiva moja (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye LED) inatosha mistari mitatu ya taa ya kuvulia dagaa. Ukiunga mistari 3 sambamba, yaani kila mmoja moja kwa moja kwenye draiva hiyohiyo ya ampea 2.1, utaunguza taa. Mistari hailingani kamwe: mmoja huvuta umeme zaidi, unachemka, unakatika, halafu miwili iliyobaki inagawana ampea zote. Nayo hiyo miwili inaungua vilevile.

Kila mstari upe draiva yake ya kushusha volti, milliampea 700. LED 6 nyeupe za wati 3 kwenye mstari mmoja hutaka takriban volti 20, hivyo betri moja ya volti 12 haitoshi. Unga mbili mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya nyingine), upate volti 24. Mistari yote itakula kama ampea 2, yaani 16 Ah (ampea-saa: ampea mara saa) kwa saa 8. Nunua betri za 40 Ah, maana betri ya asidi ukiinyonya kupita nusu haidumu. Fyuzi ya ampea 5 ikae jirani na betri, si kule kwenye taa.