Habari za redioni zina nafasi darasani

Mwanangu Maryam,

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kuingiza habari za redioni katika somo la Uraia, na mwalimu mwenzako hapo Wete keshakuonya: siasa ibaki nje ya mlango. Waniuliza mimi nasemaje.

Khofu yake naielewa, na hapa Pemba sote twajua imetoka wapi. Lakini somo lenyewe ni la serikali. Ukiitoa siasa humo, watoto watabaki kukariri mihimili mitatu mpaka mtihani upite.

Mimi ningeanza na karafuu. Chukua habari ya kawaida ya msimu, chombo kimekamatwa na magunia ya magendo. Usiwaulize nani mkosa. Waulize nani kakamata, na uwezo huo kapewa na nani. Sheria inayotaka karafuu ziuzwe ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, imetungwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Baharini wapo KMKM, kikosi cha kuzuia magendo cha SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Barabarani anayekusimamisha ni askari polisi, na polisi ni jambo la Muungano. Kesi inasikilizwa na mahakama za Zanzibar, kisha rufaa ikitoka Mahakama Kuu yetu inapanda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Wapo watu wazima, tena wabishi wa siasa kila jioni, ambao hawawezi kukupangia hayo.

Bajeti nayo ni nzuri, kwani husomwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Waziri anaomba, Baraza linaidhinisha. Wagawe, hawa mawaziri, hawa wawakilishi, waachie wabishane.

Uchaguzi usiukimbie, ila uuanzie mbali kidogo. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66 na ushei walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama vikubwa vitawale pamoja, wanafunzi wako wengi ilikuwa hawajazaliwa. Hawana cha kuigombea. Wasome Katiba ya Zanzibar waone Makamu wa Kwanza wa Rais anapatikanaje. Wakishazoea kutafuta kifungu kabla ya kusema, ndipo uwaletee habari za juzi.

Yupo atakayesimama aseme, "Baba kasema kura zimeibiwa." Usimnyamazishe, wala usimuitikie. Muulize malalamiko hayo yanapelekwa wapi. Watagundua kwamba matokeo ya uwakilishi yanaweza kupingwa mahakamani, lakini Rais wa Zanzibar akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi, hakuna mahakama ya kuyachunguza matokeo yake. Watashangaa. Waache wajadili kama ni sawa. Wewe usitoe hukumu siku hiyo. Na wakikuuliza umempigia nani, kura ni siri, hata ya mwalimu.

Mwalimu mkuu mueleze mapema, umuoneshe na andalio la somo, asije akayasikia kwa wazazi.

Nakala yangu ya Katiba ya 1984 nitampa kaka yako akija huko Jumamosi. Ni ya zamani, haina marekebisho ya 2010. Hayo yatafute mwenyewe.

Mama yako,
Mkoani