Mchanga ndani ya jibini

SWALI: Assalaam alaykum, Bibi. Niko jikoni kwenye hoteli moja huku Paje. Juzi nilikata jibini ngumu ya Kiitaliano, Parmigiano, nikaonja kipande, nikasikia mchanga menoni. Nikikitazama ndani, kina vidoadoa vyeupe. Mwenzangu anasema ni chumvi. Mkubwa wetu anasema imeharibika, tuitupe. Nani mkweli?
Mpishi mwanagenzi, Paje

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Hakuna mkweli hapo, na mkubwa wenu mzuieni mkono: wageni huilipia zaidi jibini yenye mchanga huo.

Chumvi ya jibini imeyeyuka katika maji yaliyomo, haigeuki changarawe. Unachotafuna ni fuwele, yaani chembe ngumu zilizoganda, za tairosini, kijisehemu cha protini ya maziwa. Parmigiano haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 12, na nyingi huachwa 24 au zaidi. Muda wote huo vimeng'enya vinaikatakata protini na tairosini inabaki huru. Nayo ni nzito kuyeyuka, basi ikizidi hujitenga na kuganda, kama asali inavyofanya chembe chupani. Nani kwetu alimwaga asali kwa sababu hiyo? Jibini ya Gouda iliyokaa sana nayo ina mambo hayo hayo.

Jibini ya Cheddar ina yake. Hiyo huota unga mweupe juu, chini ya plastiki, na huo ni kalsiamu lakteti: asidi iliyotokana na sukari ya maziwa, ikashikana na kalsiamu. Unaliwa, ila ndio huo wanaoudhania ukungu. Msibishane, tumieni ukucha. Ukungu ni laini, una manyoya na unapakaza. Fuwele ni ngumu, inakwaruza.

Ukiwa ni ukungu kweli, kwenye jibini ngumu kata inchi nzima kuuzunguka, kisu kisiuguse, kilichobaki kinaliwa. Jibini laini tupa, usiionee huruma. Na kwa joto letu hili, umeme ukikatika jibini hutoka jasho ndani ya plastiki, ukungu ukapata makazi. Izungushie karatasi kwanza, ndipo uitie kwenye kopo lenye kifuniko.

Ila swali ambalo mimi ningeanza nalo hukuuliza. Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na huyo ndama hujui kachinjwaje. Hapo si pangu. Muulize sheikh wako kabla hujaonja kipande kingine.