Kashata za Mama: Tupandishe Bei au Tupunguze Kipande?

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu ni mjane mwenye duka dogo la kashata, visheti na ubuyu hapa Pangani, na kwa duka hilo ametusomesha sote. Watoto wa mji humwita Bibi Kashata, na upepo ulipoezua paa lake majirani ndio waliochanga mabati. Sukari ilipopanda mwanzoni mwa 2024, kutoka shilingi 2,800 hadi 4,200 kwa kilo, yeye aliendelea kuuza kashata kwa 200 na kumkopesha kila aliyeomba, na tangu hapo mtaji wake haujasimama vizuri. Sinia moja hula kilo mbili za sukari na kutoa vipande 100. Bei ikipanda tena afanye nini: apandishe bei, apunguze kipande au aache kukopesha? Na je, tunaweza kuuza Tanga mjini?
Binti wa Bibi Kashata, Pangani

JIBU: Binti yetu, kwanza umpe mama salamu zetu za heshima. Kipindi unachokitaja kiliwaumiza wengi, kwa sababu mvua za El Nino zilizuia uvunaji wa miwa na viwanda vikashindwa kuzalisha kama kawaida. (Pangani na sukari ni watu wa siku nyingi: Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko huko kwenu.)

Tuanze na hesabu uliyotupa, kwa kuwa ndiyo inayojibu sehemu kubwa ya swali lako. Kilo mbili za sukari zilizopanda kwa shilingi 1,400 kila moja zinaongeza gharama ya sinia kwa 2,800, yaani shilingi 28 kwa kila kipande. Hakuna mteja atakayekulipa 228, na ukiweka 250 utahangaika na chenji kutwa nzima, hasa kwa watoto wanaokuja na sarafu ya 200 waliyopewa nyumbani. Kwa hiyo tunamshauri asiguse bei, bali sinia lile lile alikate vipande 120. Mauzo yatatoka 20,000 hadi 24,000. Ukitoa ongezeko la sukari kwenye hizo 4,000 zilizozidi, hubaki 1,200 za kusaidia nazi na mkaa, ambavyo navyo havikai bei moja. Jambo tusilolikubali hata kidogo ni kupunguza nazi na kujazia unga, kwa kuwa mteja husamehe kipande kidogo lakini hasamehi kashata iliyobadilika ladha. Mama mwenyewe, si wewe, awaambie wateja kwamba kipande kimepungua kwa sababu ya sukari na kwamba bei ikishuka kitarudi. Akitangaza binti, watu watadhani duka limebadilisha mmiliki.

Mkopo ni jambo gumu zaidi, na hapa tunahisi ndipo mtaji ulipopotelea kuliko kwenye sukari. Wengi wangekushauri ubandike kibao cha «kukopa harusi, kulipa matanga», lakini kwa mtu ambaye majirani walimwezekea paa, kibao hicho kingekuwa tusi. Atenganishe sadaka na mkopo. Kashata anazowapa watoto wasio na hela ni sadaka: atenge vipande kadhaa kila asubuhi kwa ajili hiyo, na vikiisha viwe vimeisha hadi kesho. Mkopo ni wa mtu mzima mwenye kipato, mwenye kikomo kinachojulikana, na asiyeongezewa kabla hajapunguza deni la zamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nawe ndiye wa kulishika daftari hilo, kwani mama anayependwa na kila mtu huona haya kudai. Ulishike kwa ridhaa yake, usimfanye ajione amenyang'anywa duka.

Kuhusu Tanga mjini, msianze na kashata za nazi. Nazi haichelewi kuchacha, na wakati wa masika sukari huvuta unyevu hewani hadi vipande vinatoa jasho na kushikana, hata mkivifunga barazani kwa uangalifu. Peleka za karanga, zilizopoa kabisa kabla ya kufungwa. Karanga zenyewe mzichambue kwa mkono na kutupa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaangwa. Rangi ya ubuyu nayo iwe ya chakula, si ile ya kutia mikeka.

Bidhaa itakayofungwa na kuuzwa madukani itahitaji kukaguliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Wajasiriamali wadogo huanzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), wanaowapa mafunzo na barua ya utambulisho, basi mwende ofisi yao ya mkoa kabla ya kuchapisha lebo yoyote. Kama mtaji ndio kikwazo, mama anaweza kujiunga na wanawake wenzake katika kikundi na kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, na mwende na lile daftari, kwa sababu ndilo litakaloonyesha kwamba biashara ipo.