Ncha Zimekauka, Mkasi Usubiri

SWALI: Assalaam aleikum, shikamoo bibi. Nakuandikia kutoka Chake Chake. Niliacha kutia dawa nywele miaka mitatu iliyopita, na sasa nikizivuta zinanifika mabegani. Taabu yangu ni ncha. Nimefumua rasta nilizosuka tangu Idi Kubwa, nikakuta ncha zimekuwa ngumu, zinakwaruza shingo na zinakatika nikichana. Napaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni mpaka foronya inalowa, lakini ncha ziko vile vile. Nakosha kwa maji ya kisima na sabuni ya mche, na kila mwezi natia hina nywele nzima. Wifi yangu anasema nikate vidole vinne. Nimezilea kwa tabu, sitaki kukata. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma taratibu, kwani karibu jibu lote umeshaliandika mwenyewe: mafuta, kisima, sabuni, hina, rasta. Tuyachukue moja moja, lakini kabla ya hayo nataka ujue una ncha kavu au ncha zilizopasuka, maana tiba zake ni mbali mbali.

Tandika karatasi nyeupe kwenye mwanga wa dirisha. Chukua nywele chache kutoka kila upande wa kichwa, utazame mwisho wa kila unywele. Ukiwa mzima mpaka mwisho, hata kama umekakamaa, huo unaokoleka. Ukiuona umegawanyika mapande mawili, au una kidoa cheupe karibu na mwisho, huo umeshavunjika. Unywele ukitoka nje ya ngozi hauna uhai tena, kwa hiyo haujitibu. Kondishina itayagandisha yale mapande mawili mpaka siku ya kukosha, kisha mpasuko utaendelea kupanda juu na kukulia urefu wako. Unywele wa namna hiyo ukate peke yake, juu kidogo ya mpasuko, kwa mkasi mkali ambao haujakata kitambaa wala karatasi. Hapo wifi yako ana haki. Lakini vidole vinne vya kichwa kizima, kwa ncha ambazo ni kavu tu, mie sikubali.

Nywele hukua sentimita moja na kitu kwa mwezi. Basi hizo ncha zinazokugusa bega zilitoka kichwani zaidi ya miaka miwili iliyopita, na tangu hapo zimekutana na kila chanuo, kila jua la kaskazi na kila msusi aliyevuta mkono. Tena nywele zetu zimejikunja. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yanakwama kwenye mikunjo ya juu, huko chini hayafiki. Juu ya kila unywele kuna magamba madogo sana yaliyolaliana kama makuti ya paa. Yakilala vizuri, unyevu hukaa ndani. Kwenye ncha za zamani magamba yameinuka na mengine yametoka kabisa, kwa hiyo maji yanaingia upesi na kutoka upesi.

Sasa hayo mafuta yako. Mwanangu, mafuta si maji. Unywele mkavu unataka maji kwanza, na kazi ya mafuta ni kuyazuia yasiondoke. Ukipaka juu ya ncha kavu asubuhi na jioni, unazilainisha kwa nje tu, na mengine ndiyo hayo yanayokwenda kwenye foronya. Mafuta ya nazi siyasemi vibaya hata kidogo. Yana asidi ya lauriki, ambayo hupenya ndani ya unywele, wakati mafuta ya mbarika hubaki juu. Ndiyo maana nazi nzuri zaidi ni ile inayopakwa kabla ya kukosha: inaukinga unywele usifure kupita kiasi ndani ya maji na usipoteze protini zake.

Kisima nacho kitazame. Visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe huwa na maji yenye chokaa. Kama birika lako linaota ukoko mweupe ndani na sabuni yako haitoi povu la maana, ndiyo hayo. Chokaa ikikutana na sabuni ya mche hufanya utando mzito unaong'ang'ania nywele, na hapo hata kondishina nzuri haipati pa kushika. Isitoshe sabuni ya mche ina magadi, inayainua yale magamba badala ya kuyalaza. Iache ifue nguo. Tumia shampuu laini, na masika ikifika kinga maji ya mvua. Yaache manyunyu ya kwanza yaoshe bati, kisha ndiyo uweke ndoo.

Siku ya kukosha, gawa nywele mafungu manne. Weka kikombe cha mafuta ya nazi ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu, usiyaweke juu ya jiko. Yapake nusu ya chini ya nywele, uyaache nusu saa. Shampuu itie kwenye ngozi ya kichwa tu. Povu linaloteremka linatosha kwa ncha, usizifikiche. Kisha kondishina, na hapa usiwe mchoyo. Kondishina hushika zaidi pale palipochakaa, kwa hiyo anzia kwenye ncha upande juu. Fumbua mafundo kwa vidole, halafu chanuo la meno mapana, kuanzia chini. Unywele uliorowa ni dhaifu kuliko mkavu, ukiuvuta kwa nguvu unakatika hapo hapo. Vaa kofia ya plastiki, zungushia taulo iliyokamuliwa kwenye maji ya moto, ukae dakika 20 mpaka 30. Saluni wanaita kupiga stimu, nawe nyumbani unaipata bila kulipa.

Suuza. Maji ya mwisho yawe lita moja yenye kijiko kimoja cha chakula cha siki, yateremke kwenye nywele, kisha umalizie kwa maji matupu kidogo. Siki inaondoa ule utando wa chokaa na kuyalaza magamba. Najua wengi mtataka kutia ndimu. Msitie. Ni kali mno kwa nywele, na maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, ngozi inaungua na kuacha madoa meusi.

Usizikamue wala usizisugue kwa taulo. Zibonyeze kwa fulana kuukuu. Zikiwa bado zimerowa tia kondishina ya kuacha kichwani, halafu matone machache ya mafuta ya mbarika au uto wa ufuta kwenye ncha. Huo ndio wakati wa mafuta. Sokota mbili mbili, mwisho wa kila msokoto upinde kwa ndani uufunge, ncha zisionekane. Katikati ya wiki zinyunyizie maji, uzifunge tena. Mafuta matupu ya kila siku yaache.

Kama kondishina bei haishikiki, chukua uwatu. Vijiko viwili vya chakula uviloweke kwenye vikombe viwili vya maji usiku kucha, asubuhi uchuje kwa melimeli. Ute unaotoka unateleza hasa, unafumbua mafundo vizuri kuliko kondishina nyingi za dukani ninazozijua. Utumie siku hiyo hiyo, na kwanza ujaribu kidogo nyuma ya sikio, hasa kama karanga au dengu zinakudhuru. Harufu yake hukaa. Wenye asumini uani hawatapata shida.

Hina ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Rangi yake inajishika kwenye unywele wenyewe na haitoki kwa kukosha. Ukitia nywele nzima kila mwezi, ncha zinabeba hina juu ya hina, na hapo lazima zikakamae. Kuanzia sasa tia kwenye mizizi mipya tu, ncha zipumzike. Na piko usiipeleke kichwani: ile nyeusi ina kemikali za kutilia rangi zinazoweza kuunguza ngozi vibaya.

Rasta zisizidi wiki sita mpaka nane. Chini ya mtandio wa pamba vaa kofia ya satini, na ulale nayo, maana pamba inanyonya unyevu na kukwaruza. Lakini usifunge buibui juu ya kichwa kibichi ukashinda nacho. Ngozi itaanza kuwasha na kunuka. Kosha siku usiyotoka. Nenda hivyo miezi miwili, na mkasi uutumie kwa zile zilizopasuka tu.

SWALI: Bibi, mimi nalima mwani Jambiani. Nywele zangu zinashinda kwenye chumvi na jua. Nifanye nini nisizikose?

JIBU: Kabla ya kuteremka pwani, zirowanishe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Unywele ulioshiba maji baridi hunywa chumvi kidogo. Paka mafuta ya nazi kutoka katikati mpaka mwisho, suka mabutu, zipinde ncha, kisha funga kilemba kinachofunika mpaka shingoni. Ukirudi usingoje kesho. Chumvi ikikaukia nywelini inavuta unyevu nje. Suuza siku hiyo hiyo kwa maji baridi, bila shampuu, utie kondishina kidogo. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, unateremka kila siku, basi ishia hapo. Kukosha kwa shampuu na kukaa na kondishina chini ya taulo ya moto, weka maji yakiwa mafu, ambapo unakaa nyumbani.