Mwanangu, usimwage hizo hamira

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, na ile picha nimeikuza mpaka macho yakaniuma. Unasema jana hamira ulizootesha zilikuwa zimetanda chupa nzima kama maziwa, leo umekuta mabonge yamelala chini na juu maji yako wazi kabisa, sasa unauliza zimekufa au kuna uchafu umeingia, umwage?

Usimwage. Mimi nilishamwaga, miaka ile naanza kazi maabara, nikajua zimeoza, kumbe nzima na kesho yake zilitakiwa. Nilisemwa siku hiyo we acha tu.

Iko hivi. Ukuta wa seli ya hamira kwa nje umejaa sukari inaitwa manosi. Sasa hamira zingine zina jeni za ukoo wa FLO, kama FLO1, FLO5 na FLO9, hizo zinatengeneza protini inayochomoza nje ya ukuta na ncha yake inadaka manosi ya seli jirani, na jirani naye anadaka ya mwenzie, basi hapo ndo bonge linaanza. Ila bila kalisiamu hazidaki kitu. Na lazima chupa itikiswe, maana zisipogongana zitashikanaje? Seli moja ni kama maikromita 5 hadi 10 tu, peke yake inazama polepole mno, zikishikana maelfu zinashuka unaziangalia hivi hivi.

Mbona jana hazikushikana? Sukari ya kwenye chakula chao. Kuna hamira zinazuiwa na manosi peke yake, ila nyingi za watengeneza bia zinazuiwa hata na glukosi na maltosi, sukari ikiwa nyingi inakaa kwenye zile ncha, ikishaliwa ncha zinabaki wazi. Ndo maana wenye bia wanazipenda, zinafanya kazi mpaka mwisho afu zinajishukia zenyewe, hamna kuhangaika kuchuja. Na hamira yenyewe inafaidi, zile za katikati ya bonge zinakingwa kidogo na pombe na sumu za nje.

Lakini hizo zako umezitoa wapi? Nauliza manake hamira ya maabara ile inayotumika sana, S288C, kwa kawaida haishikani, jeni yake ya FLO8, ambayo ndo inaziwasha hizo FLO zingine, imeharibika.

Na kuna mabonge mengine hayahusiani na FLO kabisa. Hapo mtoto anachipuka kwa mama, anakua, ila hatoki, naye anazaa hapo hapo, linakuwa tawi juu ya tawi (sikusemi wewe mwanangu). Mwaka 2012 William Ratcliff na wenzake huko Marekani waliyapata hivyo hivyo, kila siku wanachukua zile zinazozama haraka tu wanaziotesha tena, ndani ya siku 60 wakawa na mabonge yenye matawi. Baadaye ikaonekana jeni ya ACE2 imeharibika, hiyo ndo inayosaidia mtoto kutengana na mama.

Kuyatofautisha ni rahisi. Chukua kidogo, weka EDTA, tikisa. EDTA inanyakua kalisiamu, kwahiyo kama ni FLO utaona maji yanarudi kuwa kama maziwa mbele ya macho yako. Afu osha seli, ongeza kalisiamu kloraidi, tikisa tena, mabonge yanarudi. Ukitaka kuhesabu seli hesabu zikiwa bado kwenye EDTA, usije ukahesabu bonge zima ukaandika seli moja.

Ikigoma kutawanyika weka tone kwenye hadubini unipigie picha, ya karibu tafadhali sio kama ile ya jana, nataka kuyaona hayo matawi.

Mama yako