Swali kwa Garaji: demareri inayokwama, motopompe ya Kipushi na kutu ya boneti

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: kipande kipya kimenunuliwa, shida iko palepale. Tumechagua sita. Ukituandikia, taja jina na namba zilizopigwa kwenye injini yenyewe, si rangi ya trakta. Trakta tatu nyekundu zinaweza kuwa na injini tatu zisizojuana.

*Jambo yenu, wakubwa wa garaji. Nina trakta ndogo ya kukata majani, injini ni Briggs & Stratton ya silinda moja, nguvu ya farasi 17.5, supapu ziko juu. Nilinyoosha bati, nikapaka rangi fremu yote. Sasa nikigeuza ufunguo, demareri (mota ya kuwashia injini) inazunguka kidogo, inakwama, kisha inajikokota. Nimebadilisha batri, nimebadilisha demareri. Bado.*
*Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi*

Kaka, funga mfuko kwanza. Toa buji, weka waya wake mbali na tundu, kisha geuza ufunguo. Demareri ikizunguka mbio bila kusita, basi batri na demareri ni nzima (hata zile za zamani huenda zilikuwa nzima), na kinachoikwamisha ni mgandamizo wa silinda. Ikizunguka kwa uvivu hata bila buji, shida ni ya umeme, na hapo rangi yako ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Tuanze na rangi. Waya hasi wa batri umefungwa kwenye fremu, injini imekaa juu ya fremu hiyo hiyo, na umeme wote wa demareri unarudi kwa njia hiyo. Rangi haipitishi umeme. Chukua multimetri, iweke kwenye volti za DC, ncha moja iguse kichwa cha risasi cha batri upande wa hasi (kichwa chenyewe, si kibano chake), ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako ageuze ufunguo. Ikisoma zaidi ya volti 0.5 wakati demareri inavuta, masi (njia ya umeme kurudi kwenye batri) ni mbovu. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae pale waya unapofungwa na chini ya bolti moja ya injini, weka washa yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu. Wengine hupaka grisi kwanza halafu wanakaza. Ni heri kuchelewa hatua moja. Ukiwa na multimetri mkononi, pima na batri: ikipumzika isome kama 12.6, na demareri ikivuta isishuke chini ya 9.6.

Kama umeme uko sawa, fungua kifuniko cha supapu (vilango vinavyoingiza hewa na kutoa moshi). Ndani ya injini hii, kwenye kamshafti (mhimili unaofungua supapu), kuna kidude kinachoinua supapu moja kidogo sana wakati wa kuwasha ili kupunguza mgandamizo. Kuinua kwenyewe ni sehemu ndogo ya milimita. Nafasi ya supapu ikipanuka kwa uchakavu, kidude kinasukuma hewa tupu, supapu haiinuki, na demareri inakutana na mgandamizo mzima. Inakwama palepale unapoeleza.

Rekebisha injini ikiwa baridi. Zungusha gurudumu la injini kwa mkono ukiwa umeingiza mrija wa plastiki kwenye tundu la buji, mpaka pistoni ifike juu kabisa na supapu zote mbili zimefungwa. Usiishie hapo. Endelea kuzungusha mpaka pistoni ishuke milimita 6, ili kile kidude kisiwe kimegusa chochote. Ukipima pistoni ikiwa juu kabisa utapata namba ya uongo. Legeza skurubu ya nyota iliyo katikati ya nati ya kilbiteri (mkono unaobonyeza supapu), ingiza bamba la kupimia, geuza nati mpaka bamba lipite kwa kukwaruza kidogo: milimita 0.10 kwa supapu ya kuingiza, 0.15 kwa ya kutoa moshi. Kaza skurubu, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huwa kunahamisha nati. Rudia baada ya kuzungusha injini mara mbili kamili.

Ukikuta supapu moja ina nafasi kubwa kupita kiasi, milimita 1 hivi, usiirekebishe tu na kufunga. Chomoa fimbo inayoisukuma, ivingirishe juu ya kioo uone kama imepinda.

*Mimi ni mama mkulima wa Kipushi. Motopompe yangu ya Honda GX160 ilimwagilia mboga kiangazi chote. Tuliiweka mvua zilipoanza. Mwezi wa tano tumeitoa: inawaka ikiwa starteri imefungwa tu, nikiifungua inazimika. Fundi anasema nibadilishe kabirateri nzima.*

Mama, kabirateri yako karibu hakika haijafa. Imeziba. Starteri (kilango cha hewa cha kabirateri) ikifungwa, hewa inapungua na injini inanyonya esansi kwa nguvu zaidi, ndiyo maana inaishi. Ukiifungua, tundu lililoziba halitoshi kulisha. (Tahadhari kwa wanaosoma vitabu vya Kiingereza: neno "starter" huko lina maana ya demareri. Tumeona watu wakifungua upande usiohusika.)

Funga robine ya esansi. Chini ya kabirateri kuna bakuli lililoshikwa na bolti moja ya spana ya 10. Weka kopo, lifungue. Angalia chini yake: matone yanayotembea kama zebaki ni maji, utando wa rangi ya chai ni esansi iliyooza. Katikati, ndani ya nguzo, kuna jikle kubwa (kipande cha shaba chenye tundu linalopitisha esansi). Tumia bisibisi bapa inayojaza mfereji wote, maana shaba hiyo ni laini na ikichunika hutaitoa tena. Jikle likitoka, mrija wenye matundu madogo utaanguka nyuma yake. Yahesabu matundu yake, yasafishe yote. Lishike jikle dhidi ya jua: uone duara safi. Zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya laini wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma. Tundu likipanuka kidogo tu, pompe itakunywa esansi mpaka uchoke kununua.

Kuna jikle la pili, dogo, ambalo mafundi wengi hulisahau. Liko juu, kichwa chake ni cha plastiki, limezuiwa na skurubu ya silensa (ile ya mzunguko wa taratibu wa injini). Toa skurubu, linyanyue taratibu kwa ncha ya bisibisi. Tundu lake ni jembamba zaidi, na ndilo huziba kwanza.

Kabla ya kurudisha bakuli, fungua robine na uache boya lining'inie: esansi ishuke kwa mfululizo. Liinue kwa kidole: ikatike kabisa. Ikitoka kwa matone tu, safisha kikombe kidogo kilicho chini ya robine, nacho ni cha spana ya 10, na uangalie kama tundu la hewa la kifuniko cha tangi halijaziba. Pete ya mpira ya bakuli ikivimba na kukataa kuingia kwenye mfereji wake, iache juani nusu saa, itarudi. Buji iwe na nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8.

Esansi ya makadafi, wale wauzaji wa barabarani, tusiilaumu yote, ila ijaribu: tone moja kwenye karatasi nyeupe. Esansi safi hukauka baada ya dakika chache bila alama. Iliyochanganywa na petroli ya taa huacha doa la mafuta.

Na mvua zikikaribia tena: funga robine, acha injini iishe yenyewe, legeza bolti ya kumwagia bakuli, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la buji, vuta kamba taratibu mara mbili tatu. Rudisha buji, vuta tena mpaka uhisi kamba inakuwa nzito, uache hapo. Supapu zote zimefunga, unyevu wa miezi ya mvua hauingii.

*Spana zangu ni za milimita. Bolti za trakta ya Kimarekani zinanikataa. Ninunue seti nzima ya inchi?*
*Fundi wa Ruashi*

Si lazima nzima. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, spana ya 19 inakaa vizuri kabisa. 5/8 ni 15.88, tumia 16. 1/2 ni 12.7: ya 13 inaingia, lakini kwa bolti yenye kutu itazungusha pembe zake. Zinazokulazimu kununua ni 7/16, yaani 11.11, ambayo ya 11 haiingii na ya 12 inateleza, na 9/16, yaani 14.29, ambayo imekaa kati ya 14 na 15 bila kumsaidia mtu. Nunua hizo mbili na ya 1/2. Usilazimishe bolti ya milimita kwenye uzi wa inchi. Ya 8 huingia mizunguko miwili kwenye 5/16 na kukudanganya, kisha inakata uzi wote.

*Boneti na vyuma vya trakta niliyoinunua kama chuma chakavu vimeliwa na kutu. Huku Katanga asidi ya sulfuriki haikosekani. Nivitumbukize?*
*Mwanafunzi, Likasi*

Hapana. Asidi hiyo haijui kusimama kwenye kutu, inaendelea kula chuma. Springi na bolti ngumu zinameza hidrojeni na baadaye kukatika ghafla. Na kipande ukikitoa kinashika kutu mpya kabla hujakikausha. Bila kutaja macho yako.

Tumia umeme. Beseni la plastiki, maji, na soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Ukikosa soda hiyo, kaanga bikarbonati ya maandazi kwenye sufuria kavu, si ya aluminiamu, ukikoroga mpaka iache kuchemka kama uji. Gramu 500 zitabaki kama 315, na hapo ndipo imegeuka. Upande chanya wa chaja ya batri ya volti 12 ufunge kwenye vipande vya feri ya kujengea nyumba, ulivyovisimamisha kuzunguka beseni. Upande hasi ufunge kwenye kipande chenye kutu, mahali ulipokwangua chuma kitupu. Visigusane. Ukivichanganya, boneti ndiyo italiwa.

Chaja nyingi za kisasa hukataa kufanya kazi bila kuona batri. Unganisha batri sambamba nayo. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, paneli ya jua ya wati 100 inafanya kazi hiyo bila chaja, na hata waya zikigusana haitoi zaidi ya ampea 6 hivi. Ampea 2 hadi 6 kwa saa 12 mpaka 24 zinatosha. Geuza au sugua feri kila baada ya saa kadhaa, maana nayo hushika kutu.

Makosa matatu ya hatari: kutumia chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana maji yanakuwa na sumu ya kromu, kutumbukiza aluminiamu, ambayo soda huila, na kufanya kazi ndani ya chumba, wakati povu linalotoka ni hidrojeni. Zima umeme kabla ya kuchomoa kibano. Sugua utando mweusi kwa brashi, kausha juani au kwa moto, paka antirui (rangi ya kuzuia kutu) siku hiyo hiyo.

*Nimeweka mkanda mpya kutoka duka la vipande vya magari, vipimo sawa. Sasa trakta inatembea hata nikikanyaga pedali ya kuachia.*
*Msomaji wa Katuba*

Vipimo sawa, aina tofauti. Mkanda wa gari una mbavu za mpira mtupu na meno, umeundwa kushika muda wote. Trakta ya bustani haina klachi nyingine, mkanda wenyewe ndio klachi: unahitaji uliovikwa kitambaa pande zote, wenye nyuzi za aramidi ndani. Hakikisha pia upana, mkanda wa aina A ni milimita 13 juu, wa aina B ni 17. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali utazame vile vyuma vyembamba vinavyozunguka puli: ndivyo vinavyousukuma mkanda ulegee. Vikiwa vimepinda mbali na mkanda, hata mkanda sahihi hautaachia.

*Motokilteri yetu (mashine ndogo ya kulimia) ilifanya kazi vizuri Uvira. Tumeipandisha Bukavu: buji nyeusi, moshi, nguvu imeshuka.*
*Kikundi cha wakulima, Bukavu*

Haijaharibika, imepanda mlima. Uvira iko kando ya Tanganyika, chini ya mita 800. Bukavu iko kama mita 1,500. Injini ya esansi hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hapo mlipo mmekosa kama asilimia 17, na hiyo hakuna fundi wa kuirudisha. Moshi na buji nyeusi ndivyo vinavyotibika: badilisheni jikle kubwa, mweke lenye tundu dogo zaidi, hatua moja chini ya lililopo, mkitanguliza kusafisha kichujio cha hewa, kwa sababu kikiziba kinaleta dalili zilezile. Lile la zamani lifungeni kwenye mfuko na mlining'inize kwenye usukani. Mkiteremka Uvira na jikle la Bukavu, injini itakosa esansi, itapata moto, na supapu ya kutoa moshi itaungua.

Kwa miteremko yenu, jambo moja zaidi. Injini hizi hazina pompe ya oili, kuna kijiko kinachorusha oili ndani. Honda ya GX160 inavumilia mwinamo wa digrii 20, si zaidi. Limeni kwa kukingama kilima, si kwa kupanda na kushuka, na mpime oili mahali palipo sawa, ifike ukingo wa tundu, ambayo ni kama lita 0.6.