Kasi nisiyoipima niipate wapi?

SWALI: Fundi, nina roboti sita za magurudumu: namba 1 hadi 3 ni kundi A, 4 hadi 6 ni kundi B. Kila kundi nataka likubaliane mahali pake pa kukusanyika. Kihisi kinapima mahali tu, kwa hiyo kasi naipata kwa kutoa usomaji uliopita kwenye wa sasa. Roboti zinatetemeka, tena kundi B linavutwa mpaka kwa A. Nimekosea wapi?

JIBU: Una maradhi mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Kwanza hiyo kasi. Tuseme unasoma kila sekunde 0.02. Usomaji mmoja ukizidi sentimita 1 na mwingine ukipungua sentimita 1, tofauti ni sentimita 2. Gawanya kwa 0.02: mita 1 kwa sekunde! Roboti imesimama tuli, programu inaapa kwamba inakimbia.

Tumia kikadirio, wazo alilolichapisha David Luenberger mwaka 1964. Ndani ya kila roboti weka roboti ya hesabu tupu. Ipe amri zilezile unazozipa mota, ibashiri itakuwa wapi. Kihisi kikisema vingine, lizidishe pengo hilo kwa kizidisho, usahihishe mahali na kasi kwa pamoja. Kizidisho usikipandishe ovyo. Mimi nilikipandisha kwa pupa, mota zikatetemeka kama zina homa, maana makosa ya kihisi yalipita moja kwa moja. Siku hizi naanza na kikadirio chenye wepesi wa kusahihisha mara tatu ya kidhibiti (sehemu ya programu inayoziamuru mota), kisha narekebisha kidogo kidogo.

Pili, mawasiliano ya kundi kwa kundi. Nadhani uzito wote (namba inayoonyesha roboti inaisikiliza nyingine kiasi gani) umeuweka chanya. Basi lazima zivutane. Roboti 1 ikiisikiliza 4 kwa uzito wa 0.5, iisikilize na 5 kwa uzito wa −0.5. Kundi B likishakubaliana, 4 na 5 zinasema jambo moja na mivuto inafutana. Fanya hivyo kwa kila roboti inayopokea habari za kundi jingine. Ila uzito wa ndani ya kundi uwe mkubwa vya kutosha, la sivyo zile hasi zitalisambaratisha. (Na kila roboti ipe nafasi yake kuzunguka kituo, ama zitapandana.)

Kabla ya yote, ishike roboti moja kwa mkono, mota umezima, utazame kasi inayokadiriwa. Ikitulia karibu na sifuri, washa ya pili.